Mapeasi ya Augustino

"Shetani alinipitia, mwalimu." Katika darasa langu la kipaimara kauli hii haikauki midomoni. Kijana kapewa na mama yake hela ya sadaka, kainunulia chipsi, lakini mkosaji ni shetani. Huwa nawajibu kwa mapeasi.

Augustino, aliyezaliwa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354, alikuwa na miaka 16 alipokwenda usiku na wenzake kuutikisa mpeasi uliokuwa karibu na mizabibu yao. Njaa hawakuwa nayo, na kwao kulikuwa na mapeasi matamu zaidi. Yale ya wizi waliyaonja tu, mengine wakawatupia nguruwe. Alichokifurahia, anakiri katika kitabu chake Maungamo, ni wizi wenyewe.

Baadaye akawafuata Wamani kwa takriban miaka 9. Hao walifundisha kwamba ndani ya mtu kuna asili ngeni ya giza, nayo ndiyo hutenda dhambi. Fundisho tamu hilo kwa mkosaji! Alipoliacha, alishikilia kwamba aliyetenda ni yeye. Jeraha la Adamu tumelirithi, ndiyo, na bila neema hatuponi. Ila utashi ni wetu.

Vijana hupenda kuuliza kama mwenye mti alilipwa. Maungamo hayasemi.