Injini ya Peugeot 504: Kazi ya Nyumbani na Kazi ya Karakana
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliipima injini kabla haijaguswa. Tulisoma mgandamizo wa kila silinda, tukatia kijiko cha oili katika silinda iliyo dhaifu, kisha tukapima tena. Mgandamizo ukipanda baada ya oili, ringi au silinda imelika. Usipopanda, shaka inahamia kwenye valvu au gasketi ya hedi. Mwenye 504 inayokula oili na kutoa moshi wa buluu ameshajua kwamba injini lazima ishuke. Leo tuamue nani aguse nini.

Gari hili linastahili gharama hiyo. Lilitoka mwaka 1968, likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1969, na hata baada ya Ufaransa kuacha kuliunda mwaka 1983, Kenya iliendelea kuliunganisha kwa miaka mingi. Kaka yake, 404, alishinda Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva wa Tanzania. Mwaka 1975 Ove Andersson akashinda kwa 504 yenyewe. Waliosafiri katika zile za viti saba, zimejaa abiria na mizigo juu ya keria, hawahitaji kuelezwa sifa zake.

Injini ninayoizungumzia ni ile ya petroli ya sentimita za ujazo 1971, yenye silinda za kipenyo cha milimita 88. Bloki yake ni ya chuma, lakini pistoni haisuguani na bloki. Kila pistoni hupanda na kushuka ndani ya slivu yake, na slivu hiyo imezungukwa na maji ya rejeta moja kwa moja. Ikilika, huchomolewa, ikawekwa mpya pamoja na pistoni yake. Katika Land Rover za zamani au Datsun za wakati huohuo, silinda iliyolika ina maana ya kubeba bloki nzima mpaka karakana ikachongwe upya. Kwenye 504 kazi hiyo kubwa unaweza kuifanya mwenyewe nyuma ya nyumba ukiwa na winchi na meza safi, bila kukimbizana na muda. Nawaheshimu sana wahandisi walioichora hivyo.

Lakini urahisi huo ndio unaoponza wengi. Slivu haikukazwa kwa bolti yoyote. Imekalia sili nyembamba chini, na hedi ndiyo inayoikandamiza kutoka juu. Ukilegeza bolti za hedi na kuivuta juu kwa nguvu, hedi iliyogandamana na gasketi itainua slivu pamoja nayo, sili itavunjika, na maji yatashuka kwenye sampu. Hedi hii huachishwa kwa kuyumbishwa: unaitingisha kwa upande mpaka gasketi iachie, ndipo unaiinua. Kama slivu hazibadilishwi, zibane mara hiyohiyo kwa bolti fupi na washa pana, na mtu yeyote asizungushe krenki kabla hujazibana. Wapo waliofungua hedi kwa ajili ya gasketi tu, wakajikuta na injini nzima mezani kwa sababu msaidizi alizungusha krenki ili “aone pistoni vizuri”.

Slivu mpya zikishaingia, kazi bado. Kila moja lazima ichomoze kidogo juu ya uso wa bloki, kiasi kinachohesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, ili gasketi ibanwe barabara. Ikichomoza pungufu, moto wa silinda utapenya. Ikizidi jirani yake, hedi itakaa upande. Sili za chini huuzwa kwa unene tofauti ili urefu huo urekebishwe. Viwango vimo katika kitabu cha ufundi cha gari, na hupimwa kwa saa ya kupimia, wala si kwa kupapasa kwa kidole. Usipokuwa na saa hiyo, azima au mlete mwenye nayo. Fedha ya kumlipa fundi kwa saa moja ya kupima ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya slivu nne na pistoni zake.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka. Kufungua, kuweka alama, kuosha, kukagua na kufunga tena ni kazi ya mtu makini, na mwenye gari mara nyingi ni makini kuliko fundi mwenye magari sita yanayomsubiri. Kofia za konrodi na za beringi kuu zipigwe alama kabla hazijatoka, kwa kuwa kila moja ilichongwa pamoja na mwenzake na haiwezi kuhamia mahali pengine. Lakini palipo na chuma kinachotakiwa kupunguzwa, mashine na mwenye mashine ni lazima.

Krenki ndiyo ya kwanza. Shingo zake hupimwa kwa maikromita katika pande mbili zinazokatana, na tofauti ya vipimo hivyo ndiyo inayoonyesha kama shingo imekuwa yai. Ikihitaji kuchongwa, usikubali ichongwe kabla beringi mpya hazijapatikana. Fundi mzuri atakuuliza mwenyewe, “Beringi ziko wapi?” kwa kuwa anachonga kufuata saizi iliyopo mkononi. Anayesema uiache tu utakuta imeisha, mshukuru na uende kwa mwingine. Krenki ikirudi, angalia kona ambapo shingo inakutana na ukuta wake. Inatakiwa iwe na mviringo laini, kwani kona kali ndipo ufa unapoanzia. Kisha fungua plagi za njia za oili, pitisha brashi na upepo wa kompresa. Vumbi la mawe ya kuchongea likibaki humo, litazimaliza beringi mpya katika safari ya kwanza.

Hedi ni ya aluminiamu, na gari lililowahi kuchemsha huenda limeipinda. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake na ujaribu kupitisha kibamba cha kupimia nafasi. Kuichonga, kuipima nyufa kwa shinikizo, na kubadili viti vya valvu ni kazi ya karakana. Kwa viti vya valvu nasisitiza, kwa kuwa petroli yenye risasi imeondoka kwenye vituo vyetu tangu 2006 hivi, na risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti laini vya zamani. Hedi ikiwa tayari iko kwenye mashine, omba viti vigumu.

Yapo pia mambo ambayo hata mtu makini aache mapema. Bolti ya hedi ikikatikia ndani ya bloki, usianze kuitoboa kwa drili ya mkono. Ufa wa aluminiamu haufunikwi kwa gundi, utaenda kwa mchomeleaji anayejua chuma hicho, kisha hedi ichongwe tena.

Wakati wa kufunga, kaza hedi kwa spana ya kipimo, hatua kwa hatua, ukianzia katikati kwenda pembeni. Kabla ya kuwasha, toa plagi na uzungushe injini kwa stata mpaka taa ya oili izime. Kama kemshafti na tapeti zake ni mpya, usiiache injini ingurume polepole mara ya kwanza. Iweke mizunguko kama 2000 kwa dakika, kwa dakika 20, ukiwa umesimama pembeni na jicho kwenye kipimo cha joto. Badilisha oili baada ya kilomita mia chache na upime upya nafasi za valvu.

Juma lijalo tutashughulikia rejeta, pampu ya maji na feni, kwa kuwa hedi iliyochongwa vizuri ikirudishwa kwenye rejeta iliyoziba itapinda tena kabla oili ya kwanza haijabadilishwa.