Kope Linaloanguka juu ya Jicho la Bandia

Watu wengine walipoteza jicho kwa ugonjwa au ajali, wakawekewa jicho la bandia la plastiki ngumu. Pengine baada ya miaka kope la juu linaanza kushuka, na mtu anaonekana kama mwenye usingizi upande mmoja. Wengine wanaona haya, wanafunika uso hata kanisani. Ndugu, usijifiche. Jambo hili lina sababu, na mara nyingi linaweza kutengenezwa.

Sababu zake

Kope ni kama turubai ya hema, na jicho la bandia ni kama nguzo. Nguzo ikiwa fupi, turubai inalegea. Mafuta yaliyo ndani ya shimo la jicho hupungua na kushuka polepole. Ndipo jicho la bandia halijazi tena mahali pake, na kope linakosa kitu cha kuliinua. Pengine msuli unaoinua kope umelegea, au uliumizwa katika ajali au upasuaji.

Matengenezo yake

1. Kwanza jicho, baadaye kope. Fundi anaweza kuongeza plastiki upande wa juu, na pengine kope litainuka bila kisu. Lakini jicho zito mno litalemea kope la chini.

2. Shimo likiwa limebonyea sana, munganga anaweza kulijaza kwa upasuaji.

3. Kope likiwa bado chini, munganga atalipasua. Msuli ukiwa na nguvu, ataufupisha. Usipokuwa na nguvu, ataunganisha kope na msuli wa paji la uso. Jicho la bandia liwe mahali pake wakati huo, ili makope mawili yalingane. Ukibadilisha jicho baadaye, kope litabadilika tena.

Kazi yako nyumbani

Nawa mikono kabla ya kugusa jicho. Lioshe kwa sabuni na maji yaliyochemshwa na kupoa. Usitumie alkoli, inaharibu plastiki. Ukipangusa, elekea puani. Usitie dawa ya majani, wala usikae siku nyingi bila jicho lako. Kila mwaka lionyeshe kwa fundi alisugue liwe laini.

Ukiona usaha au maumivu, au kope la jicho zima likianza kushuka, njoo upesi. Jicho hilo moja Mungu alilokuachia, ulilinde sana.