Baiskeli ya mtumba? Lipia breki kabla ya rangi
Umejinunulia baiskeli kuukuu ya mbio na unataka ing'ae wikendi hii? Pole pole, msee. Ipeleke kwanza kwa fundi aifungue yote. Grisi ya zamani hukauka kwenye beringi, raba za breki hukakamaa, nazo nyaya huliwa na kutu ndani ya mpira, usione. Cheni jipimie mwenyewe kwa rula: inchi 12 zikianzia kwenye pini, ziishie kwenye pini. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha kabla haijala meno ya gia. Doo ni kidogo? Anza na breki, kisha itisha vipuri vilivyotolewa uvione. Rangi haitakusimamisha mteremkoni matatu ikikukatia ghafla.