Kitabu Kwanza, Ndege Baadaye
Huko Marekani, kijana atakaye cheti cha urubani wa ndege ndogo hufanya mitihani miwili: wa maandishi, na wa kurusha ndege mbele ya mkaguzi. Ule wa maandishi una maswali 60, naye sharti apate 70 kwa mia. Huulizwa habari za mawingu na pepo, ramani, sheria za anga na uzito wa mizigo.

Je, asome kabla ya kuanza kuruka? Naam! Saa ya ndege hulipiwa fedha nyingi. Si vema kuipoteza kwa mambo yaliyomo kitabuni.

Lakini aangalie. Wazee husema akiba haiozi. Akiba hii huoza. Miezi 24 ikipita naye hajafaulu mtihani wa pili, hana budi kuurudia ule wa kwanza. Basi, asome huku akiweka fedha za kuruka.