Jiwe Lisilooshwa

Ukisimama Mbamba Bay ukatazama kusini, ufuko wa Ziwa Nyasa unaendelea mpaka Msumbiji. Huko, katika mkoa wa Niassa, limo pango la mawe ya chokaa liitwalo Ngalue. Juma hili tuzungumzie mawe yaliyotoka pangoni humo, maana yanatuhusu na sisi wa upande huu.

Mwaka 2009 mtaalamu wa mambo ya kale, Julio Mercader wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada, alieleza katika jarida la Science jinsi alivyochunguza kwa hadubini zana 70 za mawe zilizofukuliwa Ngalue. Juu yake alikuta chembe za wanga zisizoonekana kwa macho. Wanga wa kila mmea una umbo lake, na mwingi wa huo ulikuwa wa mtama mwitu. Umri wake ni zaidi ya miaka 100,000.

Kilimo chenyewe kina miaka kama 10,000 tu. Kwa hiyo, ikiwa watu wa Ngalue walikula mtama huo, basi binadamu alizijua nafaka zamani sana kabla ya kushika jembe. Wapo wataalamu wanaosita. Wanauliza: je, nyasi hizo hazikuletwa pangoni kwa matandiko tu, au kwa kuwashia moto? Swali hilo ni la haki, na litajibiwa kwa ushahidi zaidi.

Ushahidi huo huenda umelala hata kwetu. Tunapochimba ngoro, msingi wa nyumba au udongo wa matofali, hukutana na jiwe lililochongwa au kigae cha chungu. Mmoja hulitupa. Mwingine hulipeleka nyumbani, akalisugua kwa sabuni likang'aa. Masikini, hajui kwamba amefuta chakula cha mababu! Na jiwe likishang'olewa mahali pake, ni vigumu kujua umri wake.

Tangu mwaka 1964 tunayo Sheria ya Mambo ya Kale, inayomtaka aliyegundua kitu cha namna hiyo atoe taarifa. Basi, ndugu yangu, ukilikuta liache hapo hapo, weka alama, kamwarifu mtendaji wa kijiji ili habari iwafikie wataalamu. Usilioshe. Uchafu unaouona ndio kitabu chenyewe.