Mruka, Popo na Punje Iliyotobolewa

Mwaga mezani gramu 350 za kahawa iliyokobolewa lakini haijakaangwa, kisha anza kuchambua punje moja moja. Kwa utaratibu uliotumika miaka mingi katika biashara hii, punje moja nyeusi kote inatosha kuunyima mzigo jina la kahawa maalumu. Punje tano zilizotobolewa vibaya na wadudu huhesabiwa kuwa kosa lilelile. Ikivuka hapo, kahawa hukaangwa, husagwa na kumwagiwa maji ya moto, na waonjaji huifyonza kijikoni kwa kelele ambazo nyumbani zingewaletea karipio. Alama zake zinatakiwa zifike 80 kati ya 100.

Wengi hudhani alama hizo hutafutwa kwenye kukaanga. Mkaangaji anaweza kuiharibu kahawa nzuri. Kuiokoa mbaya hawezi. Alama hutafutwa shambani, na kwenye miteremko ya Kilimanjaro baadhi ya wanaozitafuta hawajawahi kulipwa hata senti.

Panda kutoka Moshi kuelekea Kibosho, Machame au Marangu uingie katika kihamba chochote kilichotunzwa, yaani shamba la nyumbani la Wachagga. Juu kabisa imesimama miti ya kivuli, miruka na miringaringa. Chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi na majani ya ng'ombe, ambaye yuko zizini anatengeneza samadi. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp alihesabu aina zaidi ya 500 za mimea katika vihamba vya mlima huu, na nyingi kati ya hizo hazikupandwa na mtu, zimejiotea, zikaachwa. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliviingiza vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Mzee mwenye kihamba hakuwa akilinda urithi wowote. Alitaka ndizi, kuni, maziwa na ada ya shule.

Mbuni wa arabika haukuzaliwa juani. Asili yake ni misitu ya Ethiopia, chini ya miti mirefu, na hustawi zaidi kwenye joto la nyuzi 18 hadi 22. Ukiuanika kwenye jua kali, hasa sehemu za chini za mlima, tunda huwahi kuwa jekundu kabla punje haijajaa. Kivuli hulichelewesha, punje ikapata muda wa kujaa na kukomaa. Kivuli kikizidi nacho ni balaa: majani hayakauki, magonjwa ya ukungu yanapata makao, na mbuni unatoa majani badala ya maua. Ndiyo maana mkulima hodari hupanda juu ya mruka na panga kupunguza matawi, bila kuukata mti.

Sasa turudi kwa wale wasiolipwa. Watafiti waliofanya kazi Kilimanjaro waliifunika baadhi ya mibuni kwa nyavu ili ndege na popo wasiifikie, mingine wakaiacha wazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Pale ndege na popo walipoweza kufika, matunda yaliyoshika yalikuwa mengi zaidi kwa asilimia 9 hivi, kwa kuwa walikuwa wakila wadudu wanaotafuna mibuni. Maua yaliyotembelewa na nyuki yalitoa matunda mazito zaidi kwa asilimia 7 hivi, ingawa arabika inaweza kujichavusha yenyewe. Kwa mkulima anayehitaji kilo tano au sita za matunda mabivu kupata kilo moja ya kahawa safi, hizo si namba za kudharau.

Lililonishangaza zaidi ni jingine. Faida hiyo haikupungua katika mashamba makubwa yasiyo na kivuli. Nadhani sababu ni kwamba popo hajui mpaka wa shamba. Analala kwenye mti wa jirani, anakula wadudu wa kwako. Basi mwenye kihamba anatunza miti inayowahudumia pia wale walioikata ya kwao, na hakuna mnada unaomlipa kwa hilo.

Zipo nembo zinazojaribu kulipa. Ile ya kahawa rafiki kwa ndege, inayotolewa na kituo cha Smithsonian cha Marekani, hudai kivuli kisichopungua asilimia 40, aina zisizopungua 10 za miti, na kilimo hai. Kwa upande wa miti, vihamba vingi vingepita bila kupanda mche hata mmoja. Kinachokwamisha ni karatasi: ukaguzi una gharama, kumbukumbu zinatakiwa, na familia yenye mibuni mia kadhaa haiwezi kuvibeba peke yake. Njia iliyopo ni kupitia chama cha msingi, wakulima wakaguliwe pamoja na wauze pamoja. Ushirika si jambo geni huko. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1933.

Na usidanganyike na picha ya mnyama kwenye pakiti. Kahawa inayopita tumboni mwa fungo wa Indonesia huuzwa kwa bei ya kutisha, na mara nyingi fungo huyo amefungiwa ndani ya kizimba analishwa buni. Hapo mnyama ni mashine tu.

Wakati huohuo kuna wanaong'oa mibuni wapande nyanya na mahindi, na mahindi hayataki kivuli. Mruka huangushwa kwa asubuhi moja. Siwalaumu, bei ya kahawa ikishuka, nyanya hulipa mapema. Lakini wewe unayenunua kahawa kwa bei ya juu una haki ya kuuliza: imetoka kijiji gani, chama gani, na ilimea chini ya miti ipi? Muuzaji asiyejua majibu hayo, mlipe bei ya kahawa ya kawaida.