SIKU TATU ZA WAWILI: KUTOKA TANGA HADI LUSHOTO

Wako mke na mume wengi wanaoishi nyumba moja na kukutana mlangoni tu. Mmoja anatoka zamu ya usiku, mwenzake anatoka kwenda kukata mkonge kabla jua halijapanda. Likizo ikifika inakwenda yote kijijini: kuna paa la kuezeka, kuna mzee wa kutazamwa, kuna posa ya mpwa. Hayo ni mambo ya haki wala hatusemi yaachwe. Tunasema kwamba katika siku hizo za likizo, tatu zinaweza kutengwa kwa ajili ya hao wawili tu, nazo zikipangwa vizuri zinatosha kuona bahari na milima kwa nauli ya basi.

Katika nchi za baridi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, safari ya namna hii hupendwa sana mwezi wa Septemba na Oktoba, majani ya miti yanapogeuka rangi kabla ya kupukutika. Huku kwetu majani hayafanyi hivyo, lakini pwani ina majira yake ya miezi hiyo hiyo, nayo ni demani. Kusi imepungua nguvu, bahari imetulia, joto la kaskazi bado halijafika, na kwa kawaida mvua za vuli hazijashika barabara. Anayechelewa hadi Novemba anaweza kwenda, ila achukue mwavuli, avumilie matope, na asishangae ukungu ukificha kila alichokwenda kukitazama.

Kazi ngumu ya safari hii inafanyika kabla ya kupanda basi, yaani kupata siku zinazolingana. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo. Ile ya Kenya ya mwaka 2007 inasema siku za kazi zisipungue 21. Lakini sheria ya Tanzania inamwachia mwajiri kupanga likizo hiyo ichukuliwe lini, na mke na mume walioajiriwa mahali pawili wana waajiri wawili. Basi ombeni mapema, mwezi wa Juni kwa ajili ya Oktoba, tena kwa maandishi, na kila mmoja ataje tarehe zile zile. Ikishindikana kabisa, tazameni sikukuu: Tanzania ina Siku ya Nyerere tarehe 14 Oktoba, na Kenya ina Siku ya Mashujaa tarehe 20. Ikiangukia Ijumaa au Jumatatu, siku tatu zimepatikana, alimradi zamu zenu ziruhusu.

Fedha zihesabiwe na wote wawili mezani. Nauli ya kurudi itolewe kwanza na kufungwa peke yake, isiguswe hata kwa soda. Kisha malazi, kisha chakula. Watoto wabaki kwa bibi au shangazi yao. Mama mkwe akiuliza mnakwenda wapi, mwambieni ukweli. Akicheka, mwacheni acheke.

Siku ya kwanza iwe ya Tanga mjini. Kwa walioko Mombasa huo ni mwendo wa kuvuka Lunga Lunga na Horohoro, hati za safari zikiwa tayari. Hapa ndipo wengi huharibu mambo, kwa kutaka kuona kila kitu. Watasikia habari za Pangani, mji wa kale ulio kusini, ambako Abushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani mwaka 1889, nao watataka kufika. Pangani inastahili safari yake yenyewe. Kwa siku tatu, nendeni Mapango ya Amboni asubuhi, umbali wa kilometa zipatazo 8 tu kutoka mjini. Ni mapango ya mawe ya chokaa, yenye giza la kweli, na miaka ya 1950 Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi waliyatumia kujificha wakisakwa na serikali ya kikoloni. Vaeni viatu vya kufunika vidole, mfuateni mwongozaji, na mshikane mikono, maana mle ndani hakuna atakayewasema. Jioni iwe ya Raskazone, ufukweni, bila kazi yoyote.

Siku ya pili amkeni na basi la mapema. Njia inapita Muheza penye machungwa, kisha Segera, halafu inashika kaskazini kuelekea Korogwe na Mombo. Mkata mkonge atachoka kutazama mkonge dirishani. Na alale kidogo, mwenzake atamwamsha Mombo. Pale barabara inaiacha tambarare, na kilometa 33 zinazobaki hadi Lushoto ni za kupanda, kona juu ya kona, kupitia Soni penye maporomoko ya maji. Mwenye kuchafukwa tumbo asishibe kabla ya Mombo. Wenye pikipiki yao wasipande njia hii usiku, na kofia ngumu ziwe mbili, si moja ya dereva peke yake.

Lushoto iko kwenye mita zipatazo 1,400. Wajerumani waliiita Wilhelmstal, wakaikimbilia kwa sababu ya hewa yake. Mtu aliyezoea jasho la pwani huitambua hewa hiyo mara anapoteremka garini, na jioni huanza kutafuta sweta. Ulizeni bei ya chumba kabla ya kutua mizigo, ulizeni maji ya moto, na blanketi ziwe mbili. Simu zizimwe. Msimamizi wa zamu akiwatafuta, hamtapatikana.

Asubuhi ya tatu tembeeni kwa miguu hadi Irente, kama kilometa 5 au 6 kutoka mjini, kabla jua halijawa kali. Njiani kuna mashamba ya Wasambaa yaliyoning'inia ubavuni mwa mlima, na watu wanaoitikia salamu. Mwisho wa njia mlima unakatika ghafla. Chini kabisa ni Mazinde, tambarare imeenea hadi macho yanapokoma, na barabara kuu mliyojia jana inaonekana kama uzi. Kaeni pale. Watu wawili ambao mwaka mzima wameongea habari za ada na unga tu hukumbuka kwamba wana mengine ya kuzungumza, nayo huchukua saa nzima, pengine mbili.

Gari la kuteremka lisipite mchana, ili mfike Tanga kabla ya usiku kuwa mwingi. Kabla ya kupanda nunueni sokoni Lushoto karoti, kabichi na viazi, kapu moja la kwenu na moja la yule aliyewalelea watoto.